Sindano za umeme, na neno lililoachwa njiani

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata maneno haya gazetini, juma hili naomba tuzungumzie sindano. Sizungumzii sindano ya malaria wala ya chanjo. Nazungumzia zile sindano nyembamba kama unywele ambazo Wachina huzichoma mwilini bila dawa yoyote ndani yake, na pengine wakazifunga nyaya na kuzipitishia umeme mdogo kutoka kwenye kijisanduku cha betri. Jina lake la kitaalamu ni akupancha ya umeme. Kwetu Ubaruku, kule Mbarali mkoani Mbeya, wazee walisema tu "sindano za Mchina", na kila mtu akaelewa.

Nina sababu ya kuyaleta haya, na sababu yenyewe ni deni.

Mwaka 2008, nikiwa bado mtangazaji kijana, nilisoma tangazo la kliniki moja ya Dar es Salaam. Silitaji jina lake, wala la kituo nilichokuwa nikifanyia kazi. Tangazo lilisema kwamba sindano za umeme zinaponya kupooza, uso kucheza, maumivu ya taya, kisukari, utasa na mengineyo mengi. Mwisho wake kulikuwa na maneno haya: tiba hii inatambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Nililisoma kwa sauti nzuri, kama nilivyofundishwa chuoni, kisha nikaenda kunywa chai.

Mama yangu mdogo alikuwa akinisikiliza Ubaruku. Kwa zaidi ya miaka miwili uso wake wa upande wa kushoto ulikuwa ukicheza wenyewe. Ulianza kwenye kope, na watu wakacheka wakamwambia kuna mgeni anakuja, kwani sote tunajua jicho likicheza lina habari. Mgeni hakuja. Mcheza ukashuka shavuni, ukafika pembe ya mdomo, ukawa unauvuta mdomo upande mmoja hata akiwa usingizini. Hapo kicheko kikaisha. Wakaanza wa kusema ni upepo mbaya, wakaja wa kusema karogwa na jirani kwa ajili ya jaruba la mpunga. Yeye kwa kuona haya akajizoeza kuubana mdomo ili usicheze mbele za watu, na kwa kuubana mchana kutwa taya nalo likaanza kuuma, likawa linalia "ka" kila akitafuna.

Aliposikia sauti yangu redioni, aliuza magunia manne ya mpunga akapanda basi. Alipofika kwangu alisema, "Mwanangu, wewe mwenyewe ndiye uliyesema. Nipeleke."

Naam, nilimpeleka. Lakini kabla sijaeleza yaliyompata, hebu turudi nyuma kidogo. Sindano hizo hazikufika nchini mwetu kwa njia ya matangazo, na namna zilivyofika ndiyo somo la leo.

Mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, kundi la madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu lilifika Unguja. Lilikuwa miongoni mwa makundi ya mwanzo kabisa ambayo China ilipeleka Afrika; la kwanza lilikwenda Algeria mwaka 1963. Mwaka 1965 Mwalimu Nyerere alizuru China mwezi Februari, naye Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Dar es Salaam mwezi Juni. Mwaka 1968 likaja kundi la madaktari la Tanzania Bara, safari hii kutoka jimbo la Shandong. Tangu hapo makundi yamekuwa yakipokezana, la zamani likirudi kwao na jipya likiingia.

Nyanda za Juu Kusini ziliwajua Wachina kwa njia mbili zaidi. Ya kwanza ni reli ya TAZARA. Ujenzi wake ulizinduliwa Oktoba 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ilipanda milima kati ya Mlimba na Makambako kwa madaraja na mahandaki, ikashuka Usangu, ikapita Chimala na kuendelea Mbeya. Njia ya pili ni shamba la mpunga la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China katika miaka hiyo hiyo ya 1970. Lilikuwa shamba la zaidi ya hekta 3,000 lenye mifereji na kinu cha mpunga, nalo likawekwa chini ya shirika la NAFCO. Ubaruku yetu ilikua pembeni ya shamba hilo. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa trekta pale.

Baba alikuwa na hadithi moja aliyoirudia mpaka tukaijua kwa moyo. Aliumwa jino usiku, asubuhi akaenda kwa daktari wa kambi, Mchina mmoja mfupi mwenye Kiswahili cha maneno ishirini. Daktari alimfungua mdomo, akamgonga meno moja moja, akampapasa taya na shingo. Kisha akamchoma sindano nyembamba kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Maumivu yakapungua. Sisi watoto tulishangilia hapo tukidhani hadithi imekwisha. Baba akaendelea: "Halafu akaling'oa jino lenyewe."

Mahali pale mkononi Wachina hupaita Hegu, na wamepatumia kwa maumivu ya meno na uso tangu zamani sana. Lakini angalia mpangilio wa kazi ya yule daktari. Kwanza alipima. Pili alituliza maumivu kwa sindano. Tatu aliondoa kilicholeta maumivu. Sindano ilikuwa chombo kimoja tu katika mkoba wenye koleo na dawa. Wala daktari hakuwa na sababu ya kuitukuza, kwani hakuwa akiuza kitu.

Sasa tujiulize, umeme uliingiaje? Wengi hudhani ni siri ya kale ya China. La hasha. Sindano ni za China na zina umri wa miaka zaidi ya 2,000, lakini umeme ulianzia Ufaransa. Daktari Louis Berlioz, baba wa mtunzi wa muziki Hector Berlioz, alikuwa wa mwanzo nchini humo kuwachoma wagonjwa sindano hizo, na mwaka 1816 alichapisha kitabu akidokeza kwamba huenda umeme ungeziongezea nguvu. Mwaka 1825 daktari mwenzake, Sarlandière, akachapisha maelezo ya jinsi alivyowatibu kwa sindano za umeme watu wenye jongo na baridi yabisi. Na ajabu ni kwamba miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 1822, mfalme wa China alikuwa ameamuru tiba ya sindano iondolewe katika chuo cha matabibu wa ikulu. Paris ilikuwa ikiipokea wakati Beijing inaifukuza.

China yenyewe iliirudia sana baada ya mwaka 1949. Nchi ilikuwa na watu wengi na madaktari wachache, serikali ikaamua matabibu wa jadi na wa kisasa wafanye kazi pamoja. Mwaka 1958 madaktari wa Shanghai walianza kutumia sindano kupunguza maumivu wakati wa upasuaji. Mpasuaji alihitaji sindano zisukwesukwe muda wote, na mkono wa mtu huchoka. Hapo kijisanduku cha umeme kikapata kazi, kwa kuwa betri haichoki upesi.

Dunia ya Magharibi ikazinduka mwaka 1971. Mwandishi wa gazeti la New York Times, James Reston, aliugua kidole tumbo akiwa Beijing, akapasuliwa huko, na tarehe 26 Julai akaandika yaliyompata. Hadi leo utasikia watu wakisimulia kwamba Reston alipasuliwa kwa sindano bila dawa ya ganzi. Sivyo alivyoandika. Alipasuliwa kwa dawa ya ganzi ya kawaida. Sindano zilikuja baadaye, tumbo lilipomsumbua. Lakini habari ilipotoka mdomo hadi mdomo, neno hilo la "baadaye" lilidondoka.

Ndugu msikilizaji, liweke akilini neno hilo lililodondoka, maana kuna jingine.

Mwaka 1979 Shirika la Afya Duniani liliitisha semina Beijing, na wataalamu wakaandaa orodha ya magonjwa zaidi ya 40 yaliyodhaniwa kufaa kutibiwa kwa sindano. Yamo maumivu ya mshipa wa fahamu wa uso, na kumo kupooza kwa uso kunakotibiwa mapema. Hii ndiyo orodha ambayo wenye kliniki wengi wamekuwa wakiinukuu. Lakini orodha ile ilikuja na onyo: kwamba imetokana na uzoefu wa matabibu, na si lazima iwe imethibitishwa kwa utafiti wa kulinganisha wagonjwa waliotibiwa na wasiotibiwa. Onyo hilo halikuwamo katika karatasi niliyopewa kusoma mwaka 2008. Nami sikuuliza.

Katika miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa, kliniki binafsi za Kichina zilianza kuchipuka Dar es Salaam na kisha miji mingine. Nyingi ziliuza vidonge vilivyofungwa tayari kuliko zilivyochoma sindano. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyounda Baraza la kusajili waganga na vituo vyao. Kundi la madaktari wa serikali kwa serikali liliendelea na kazi yake hospitalini, lakini mwananchi wa kawaida akaanza kukutana na sindano dukani na redioni. Huo ndio mlango alioingilia mama yangu mdogo.

Tulifika kliniki asubuhi. Aliulizwa jina, akaulizwa pesa. Hakuna aliyemgusa taya wala kumwangalia mdomoni. Alilazwa kitandani, akachomwa sindano mbele ya sikio, pembeni mwa taya, karibu na pembe ya mdomo na ile ya mkononi aliyochomwa baba. Mbili kati ya hizo zikabanwa kwa vibanio vya nyaya. Kijisanduku kikawashwa, shavu likawa linadunda polepole kama saa ya ukutani. Alikwenda mara kumi, na mpunga wote ukaishia hapo.

Matokeo yake yalikuwa nusu kwa nusu, na nitayasema yote. Taya lilipata nafuu. Akaweza kula nyama, na ule mlio ukapungua. Uso haukupona. Ulitulia siku mbili tatu, ukarudi kucheza kama kawaida.

Ushahidi wa mtu mmoja hautoshi kuwa kipimo, na taya la namna ile huweza kupata nafuu lenyewe kwa muda. Hata hivyo tofauti hiyo inaeleweka, na tungeielewa mapema kama mtu angepima kwanza.

Kiungo cha taya kiko mbele tu ya sikio. Weka kidole hapo ufungue mdomo, utakisikia kikicheza. Mara nyingi kinapouma, tatizo ni misuli iliyochoka kwa kubana au kusaga meno. Hayo ni maumivu, na maumivu ni ujumbe unaosafiri kwenda kwenye ubongo. Tangu miaka ya 1970 Profesa Han Jisheng wa Beijing na wenzake wameonyesha, wakianzia kwa wanyama, kwamba umeme wa sindano huufanya mwili utoe kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Umeme wa midundo 2 kwa sekunde hutoa za aina moja, na wa midundo 100 hutoa za aina nyingine. Mwaka 1997 jopo la wataalamu lililoitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani lilikubali kwamba sindano zinasaidia kichefuchefu baada ya upasuaji au dawa za saratani, na maumivu baada ya kutibiwa jino. Kwa taya, majaribio yaliyofanyika yanaonyesha nafuu ya muda, lakini mengi ni madogo. Chakula laini, kitambaa cha maji ya moto, mazoezi ya taya na dawa za kawaida za maumivu nazo huwasaidia wagonjwa wengi, na kwa bei ya chini zaidi.

Uso kucheza upande mmoja ni jambo jingine kabisa. Mara nyingi mshipa wa damu uliopinda hugusa mshipa wa fahamu wa uso pale unapotoka kwenye ubongo, ukawa unaugonga kwa kila pigo la moyo. Daktari wa upasuaji wa Marekani, Peter Jannetta, ndiye aliyelifanya hilo likubalike, kuanzia miaka ya 1960, kwa kufungua na kuweka kipande kidogo cha kitu laini kati ya mishipa hiyo miwili. Tiba nyingine ni sindano za sumu ya botulinum, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1989. Zinalegeza misuli kwa miezi mitatu au minne, kisha ni lazima zirudiwe, na bei yake si ya mkulima. Kuna taarifa nyingi kutoka China zinazosifu sindano za umeme kwa ugonjwa huu, lakini majaribio mengi hayakufanywa kwa uangalifu wa kutosha kuaminika. Ukifikiri kidogo utaona ugumu wake: sindano iliyo shavuni itausogezaje mshipa wa damu ulio ndani ya fuvu?

Haya yote tuliyaambiwa na daktari wa hospitali ambaye tulimwendea mwisho, wakati yeye ndiye angekuwa wa kwanza. Alimtazama mama dakika tano tu. Akamwambia ugonjwa wake una jina, hauui, na haukutoka kwa jirani. Mama alilia. Nilidhani analia kwa sababu tiba ni ghali. Akaniambia, "Mwanangu, miaka yote hii sijamsalimia yule jirani."

Kuna jambo jingine ambalo nalisema kwa nguvu zangu zote, hasa kwa ndugu zetu wa mashambani. Taya kukaza si kila mara maumivu ya kiungo. Mtu aliyejikata kwa jembe, au aliyechomwa na mwiba au msumari, kisha siku chache baadaye taya lake likaanza kukaza na kumeza kukawa kugumu, huyo huenda ana pepopunda. Pepopunda huanzia tayani mara nyingi, nayo huua. Huyo hapelekwi kwenye sindano za umeme, hapelekwi kwa mganga, hasubiri mpunga uuzwe. Hupelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Tangazo linaloahidi kutibu "taya kukaza" bila kusema neno pepopunda linaweza kumpeleka mtu kaburini kwa sauti tamu, na sauti yenyewe inaweza kuwa kama yangu.

Kwa anayetaka kujaribu sindano kwa ajili ya maumivu ya taya, simkatazi. Apimwe kwanza na daktari au tabibu wa meno. Aulize kama mtoa tiba amesajiliwa na Baraza. Ahakikishe sindano ni mpya na inafunguliwa mbele yake, kwa sababu sindano iliyotumiwa na mwingine yaweza kupitisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo asikubali kufungwa nyaya hizo. Na akielezwa kwamba kijisanduku hicho hicho kinatibu taya, kisukari na utasa, achukue mkoba wake aondoke.

Wapo watakaosema ninawashambulia Wachina. Sivyo. Namkumbuka yule daktari wa kambi ya Mbarali kwa heshima. Alichoma sindano ile ile, mahali pale pale mkononi. Alichokuwa nacho yeye, ambacho kliniki haikuwa nacho na mimi nikiwa studio sikuwa nacho, ni ile subira ya kumwambia mgonjwa "fungua mdomo nione". Mkoba wa daktari ulipogeuka kuwa duka, sindano ilibaki na kupima kukaachwa. Reston alipogeuka kuwa hadithi, neno "baadaye" likaachwa. Orodha ya mwaka 1979 ilipogeuka kuwa tangazo, onyo likaachwa. Na aliyesoma tangazo hilo ni mimi.

Magunia manne nimeshamlipa mama, ingawa alikataa mara mbili. Uso wake bado unacheza. Hafichi tena mdomo, na taya limetulia tangu alipoacha kulibana. Jirani yake wanalima jaruba mpaka kwa mpaka, na asubuhi wanasalimiana. Siku hizi nikipewa karatasi ya tangazo la tiba, huiomba ile sentensi iliyokatwa kabla sijafungua kipaza sauti. Mara nyingi wenye tangazo huondoka nalo.

Hadi juma lijalo, nawatakieni afya njema.